Kobe Kumi na Saba

Orodha ilikuwa na namba kumi na saba, na chini yake Msimamizi wa hifadhi alikuwa amepiga mstari mwekundu mara mbili. Aliisukuma mezani mpaka ikagusa kikombe cha Mpelelezi.

"Hao ndio hawapo," alisema. "Na aliyewachukua mnaye hapo chumba cha pili. Sijui kimebaki nini cha kupeleleza."

Mpelelezi aliisoma orodha kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, na waliofanya naye kazi walikwisha kuzoea kusogeza viti ili wamsikie. Aliomba aelezwe kazi ya pale tangu mwanzo, kama mtu ambaye hajawahi kumwona kobe.

Msimamizi alieleza huku akitazama saa ya ukutani. Hifadhi iliendeshwa na shirika dogo la kulinda wanyamapori, na karibu kazi yote ilifanywa na watu wa kujitolea. Walikuwamo kobe themanini na mmoja, wote waliokolewa kutoka mikononi mwa watu wa magendo. Kijito kiliigawa hifadhi sehemu mbili, upande wa juu na upande wa chini, na kobe hawakukivuka, maana kobe wa aina ile akitumbukia majini huzama kama jiwe. Kila mmoja alikuwa na namba, kuanzia kumi na moja hadi tisini na tisa, zile zenye sifuri zikiwa zimerukwa. Namba ilichongwa kwa tupa, mapengo mawili madogo kwenye ukingo wa gamba. Kila mwaka, kwa siku kumi, watu wa kujitolea walizunguka wakiandika kila kobe waliyemkuta. Fomu zikirudi ofisini, Msimamizi aliweka alama ya vema kwenye kila namba iliyoonekana. Mwaka wa kawaida walikosekana wawili, watatu wakizidi. Mwaka huu walikosekana kumi na saba, na wote walikuwa wa upande wa chini.

"Na huyu mama?" Mpelelezi aliuliza.

Huyu mama alikuwa mkunga mstaafu, na kila mtu pale alimwita Mkunga. Kwa miaka tisa alijitolea upande wa chini na alikijua kila kichaka. Mwaka huu Msimamizi alimhamishia juu na kuwapa watu wageni nafasi yake, naye Mkunga akanuna. Tena alikatazwa mbele za watu asikanyage chini kwenda kuwasumbua wageni. Jumamosi, siku ya kwanza ya hesabu, mlinzi wa geti la chini alimwona akiingia na katoni, na baada ya saa moja akatoka nayo. Alipoulizwa ndani ya katoni kulikuwa na nini, alikataa kusema.

"Ameulizwa na nani?"

"Na mimi. Jana. Ndipo nikawaita nyinyi."

Gari la polisi lilimfuata Mkunga alfajiri, mtaani kwake, majirani wakiwa wamesimama vibarazani na miswaki midomoni. Kufikia saa sita mchana, mkuu wa kituo alitaka awe na jibu moja kati ya mawili: anapelekwa rumande au anaachiwa. Sasa ilikuwa saa mbili kasorobo.

Mpelelezi aliomba fomu zote za siku kumi, za pande zote mbili, pamoja na kadi za kobe. Msimamizi alisema orodha ilikuwa imeshajumlisha kila kitu.

"Orodha umeiandika wewe, hapa mezani," Mpelelezi alisema. "Naomba zile zilizoandikwa porini."

*

Mkunga alikuwa kwenye chumba cha mizani, amekaa kwenye benchi, mgongo wima. Alikuja na sweta na vidonge vyake vya presha kwenye mfuko, kwa kuwa, alisema, wodi ya usiku ilimfundisha kwamba majengo ya serikali yana baridi. Konstebo, ambaye ndiye aliyemfuata alfajiri na bado alikuwa na aibu nayo, alimletea chai.

Mpelelezi alimuuliza mambo mengi, naye alijibu yote bila haraka. Ndiyo, aliumia alipohamishwa, nani asingeumia. Hapana, hakuwa na ufunguo wa geti la chini tangu mwezi uliopita, aliurudisha na kutia saini. Fomu za wale wageni hakuziona hata moja. Msimamizi huziweka kabatini. Wageni wenyewe aliwaona mara moja tu, hiyo Jumamosi.

"Nifundishe kumsoma kobe," Mpelelezi alisema.

Kwenye kreti kando ya mizani alilazwa kobe mgonjwa, gamba lake limezibwa ufa kwa gundi. Mkunga alimwinua kwa mikono miwili, kama alivyowainua watoto wa watu maisha yake yote, akamweka juu ya mapaja ya Mpelelezi.

"Kichwa kitazame mbele, unakotazama wewe. Mkae kama watu wawili kwenye pikipiki, yeye ndiye dereva. Haya, mkono wako wa kushoto ni makumi, wa kulia ni mamoja. Anza shingoni, hesabu vigamba vya ukingoni mpaka ufike kwenye pengo."

Mpelelezi alihesabu kwa kidole. Kushoto pengo lilikuwa kwenye kigamba cha pili, kulia kwenye cha tano. "Ishirini na tano."

"Umefaulu," Mkunga alisema, na hapo hapo kobe akamfungulia Mpelelezi maji yote aliyokuwa nayo.

Konstebo aligeukia dirishani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Usimlaumu," Mkunga alisema, akicheka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. "Akiinuliwa anaogopa, na akiogopa anamwaga. Ndiyo maana mimi huvaa ile." Alionyesha aproni ya plastiki iliyoning'inia kwenye msumari, ndefu hadi miguuni, ya aina inayovaliwa chumba cha kujifungulia. "Huyu sasa mpe maji anywe, ana wiki ya tatu kitandani, asije akakauka."

Mpelelezi alijifuta kwa kitambaa alichopewa. Kisha aliuliza kuhusu katoni.

Mkunga aliacha kucheka. "Hilo sijibu, mwanangu."

"Unajua linaweza kukulaza ndani?"

"Najua. Lakini si langu peke yangu." Alikunywa chai. "Mengine yote nimekwambia."

*

Mlinzi wa geti la chini alikuwa mzee mmoja makini, aliyejibu kila swali kwa kwanza kulirudia. Mkunga alipoingia na katoni, aliibebaje? Aliibeba kwapani. Na alipotoka nayo? Kwapani vilevile, mkono mwingine una mwavuli. Je, mlinzi aliifungua kuangalia? Hakufungua, alikuwa anamjua miaka tisa, angemfungulia katoni kwa lipi. Alisikitika sasa kwamba alisema lolote.

Waliporudi garini, Konstebo alipiga hesabu kwenye usukani. "Afande, kadi zinasema kobe mmoja, kwa wastani, kilo mbili na nusu. Kumi na saba ni kilo arobaini na mbili na nusu. Mimi nikibeba hiyo kwapani mtaniita jina lingine."

"Huenda aliwatoa kidogo kidogo."

"Kwa geti lipi? Mlinzi kamwona siku moja."

Kulikuwa na njia nyingine za kutokea, na Mpelelezi hakutaka kuzifunga kwa maneno. Lakini aliandika kwenye kijitabu chake: katoni nyepesi, kuingia na kutoka.

Alirudi chumba cha mizani, akaomba Mkunga apumzishwe barazani, akaletewa meza, akapanga fomu mafungu mawili. Za juu ziliandikwa kwa mkono wa Mkunga, herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye chati ili daktari asikosee. Za chini ziliandikwa kwa kalamu nyembamba, mistari imenyooka, hata sehemu ya maoni imepigiwa rula. Kiongozi wa kundi la chini alikuwa mpima ardhi aliyechukua likizo, pamoja na mkewe na mdogo wa mkewe.

Alizipitia moja moja. Saa tatu ikapita. Konstebo aliandika namba kwenye karatasi kubwa kadiri alivyosomewa: siku, upande, namba, uzito.

Jambo la kwanza lilikuja saa tatu na nusu. Jumanne asubuhi Mkunga alimwandika kobe wa thelathini na nne, upande wa juu, chini ya mwamba. Jumanne hiyohiyo asubuhi Mpima alimwandika kobe wa thelathini na nne, upande wa chini, karibu na uzio.

"Labda alihama," Konstebo alisema.

"Kilomita tatu na kijito katikati, kwa muda wa saa moja?"

"Basi alipanda pikipiki."

La pili lilikuwa baya zaidi. Alhamisi, upande wa chini, Mpima aliandika kobe wa ishirini na tano, kilo tatu kamili. Mpelelezi aliangalia suruali yake, ambayo ilikuwa bado haijakauka, kisha kreti. Kobe wa ishirini na tano alikuwa amelala pale kwa wiki tatu, na mizani ilipoulizwa ikasema kilo moja na gramu mia nane.

Msimamizi hakuona hayo, na sababu yake ilikuwa nyepesi. Yeye aliweka alama ya vema kwenye namba. Namba ikija mara ya pili, vema ilikaa juu ya vema.

"Wamepika," Konstebo alisema, na kwa sauti yake ilionekana amefurahi. "Hawa watu wamekaa kivulini siku kumi wanajaza namba za kichwani. Afande, tumtoe mama kitini, tumkalishe Mpima."

Hata Mpelelezi aliliona hilo kuwa ndilo linaloelekea kuwa kweli. Mtu anayebuni namba atazigonga namba za kobe wa upande mwingine, na wa kwake baadhi atawasahau. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichokataa kukaa. Katika wale kumi na saba waliokosekana hakukuwa na hata mmoja mwenye tarakimu mbili zinazofanana. Ishirini na mbili alionekana. Arobaini na nne alionekana. Hamsini na tano, sabini na saba, tisini na tisa, wote wa upande wa chini, wote walionekana, kila mmoja kwa uzito wake uleule wa kwenye kadi. Mtu anayebuni hawezi kubahatisha uzito. Na mwizi hachagui kobe kwa tarakimu.

Aliandika hilo, akaweka alama ya kuuliza mbele yake. Ilikuwa saa nne na robo.

*

Kundi la chini waliwakuta karibu na uzio. Msimamizi alikuwa amewaagiza wapite tena wakatafute waliokosekana, na Mpima alikuwa ameligawa eneo lote kwa kamba na vigingi, miraba ya mita ishirini, kila kigingi na namba yake. Alikuwa mtu mwembamba, suruali yake ya kaki imepigwa pasi. Mkewe aliinama akiangalia chini ya kichaka. Mdogo wa mkewe, mwalimu wa chekechea, alikuwa ameketi juu ya kiti cha kukunja akimenya chungwa.

Mpelelezi aliwasalimu wote, akamuuliza Mpima kuhusu Alhamisi.

Mpima alikumbuka vizuri. Alitoa kijitabu chake mwenyewe, kisichokuwa fomu ya ofisi, akaonyesha: saa tatu na dakika ishirini, mraba wa kumi na nne, namba ishirini na tano, kilo tatu, jike. Mpelelezi alimwambia kwamba siku hiyo kobe huyo alikuwa kwenye kreti ofisini.

"Haiwezekani," Mpima alisema.

"Nimempakata leo asubuhi."

"Basi wa kwenu ndiye mwenye makosa. Mimi nimepima mipaka ya mashamba miaka ishirini na mbili. Kuna ndugu waliokuwa wameshikiana mapanga, nimewapimia wakaenda nyumbani wameridhika. Nitashindwa kuhesabu mapengo mawili?"

Alisema bila kupandisha sauti, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Mkewe aliacha kichaka akaja kusimama karibu naye. Mpelelezi aliwatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, viatu, suruali, sketi. Kisha aliuliza jambo jingine kabisa: kama Jumamosi, siku ya kwanza, walimwona mama mmoja mwenye katoni.

Mume na mke walitazamana. Aliyejibu ni yule wa chungwa.

"Mama wa aproni? Tulimwona. Alituletea aproni, maskini, kaziweka kwenye katoni kazikunja vizuri kama nguo za harusi."

"Shemeji," Mpima alisema.

"Si ameuliza, shemeji? Tena tulimkosea. Mimi nilicheka. Sikucheka kwa ubaya, lakini nilicheka. Nikamwambia, asante mama, rudi nazo tu, sisi hatukojolewi."

Mpelelezi alifungua kijitabu chake. Konstebo alimtazama, akaacha kuchezea funguo za gari.

"Kwa nini hamkojolewi?" Mpelelezi aliuliza.

Hapo Mpima alilainika, kwa kuwa ilikuwa njia yake mwenyewe na alijivunia. Alieleza kwamba kobe wa kwanza kabisa, Jumamosi ileile, alimharibia mkewe sketi. Akakaa akafikiri. Akaona kwamba tatizo zima ni mkia. Ukimshika kobe kichwa mbele, mkia unakuelekea wewe. Basi mgeuze. Kichwa kikutazame wewe, mkia utazame nje, maji yamwagike kwenye majani. Tangu hapo hakuna aliyelowa.

"Na kusoma namba?"

"Vilevile. Karatasi ya maelekezo iko wazi." Aliitoa, imefungwa kwenye nailoni isipate unyevu. Iliandikwa na Msimamizi: mkono wa kushoto makumi, mkono wa kulia mamoja. Hapakuwa na mchoro wala neno kuhusu kichwa kitazame wapi.

"Tafadhali nitafutie kobe," Mpelelezi alisema. "Yeyote."

Mke wa Mpima tayari alikuwa amempata mmoja chini ya kichaka, jike kubwa lenye baka jeusi la moto mgongoni. Mpima aliketi, akamweka mapajani, uso kwa uso, akahesabu kwa sauti. Mkono wa kushoto, cha tatu. Mkono wa kulia, cha nne.

"Thelathini na nne."

"Sasa mgeuze," Mpelelezi alisema. "Akutangulie. Kama mko kwenye pikipiki."

Mpima aligeuza. Alianza kuhesabu, kisha kidole chake kikasimama. Alirudia kutoka shingoni. Alirudia mara ya tatu, kimya, na aliyesema ile namba alikuwa mkewe aliyesimama nyuma yake.

"Arobaini na tatu."

Mpelelezi aliitoa kadi ya arobaini na tatu mfukoni, kati ya zile kumi na saba alizokuja nazo. Ilikuwa ya mmoja wa waliokosekana. Aliisoma kwa sauti yake ndogo, na safari hii kila mtu alimsikia: jike, kilo tatu na gramu mia moja, baka la moto mgongoni, aliachiwa upande wa chini miaka sita iliyopita.

Kobe alitoa kichwa, akautazama uzio, akafanya juu ya suruali ya kaki kile alichotarajiwa kufanya. Mpima hakujisogeza.

"Siku kumi," alisema.

"Umehesabu sawa siku zote kumi," Mpelelezi alimwambia. "Umehesabu kutoka upande mwingine tu. Kila kobe uliyemwandika alikuwepo."

*

Kuzirudia fomu ofisini kulikuwa kwepesi. Konstebo alisoma namba, Mpelelezi alizigeuza, Msimamizi alitafuta kadi. Kumi na saba alikuwa ameandikwa kwa namba ya mwenzake wa juu, sabini na moja. Hamsini na mbili ndiye yule wa kilo tatu aliyeandikwa kwa namba ya mgonjwa. Tisini na nne alijificha kwenye arobaini na tisa. Uzito ulikubali, jinsia zikakubali, makovu yakakubali. Wale wenye tarakimu pacha, ukiwageuza, wanabaki walewale, na ndiyo sababu hawakupotea. Wengine upande wa chini walikuwa wamebadilishana namba wao kwa wao, kila mmoja akamwekea mwenzake alama ya vema, na hakuna aliyejua.

Ilipofika saa tano na dakika arobaini, walikuwa wamepatikana kumi na sita. Alibaki mmoja, sitini na nane, ambaye hakuonekana wima wala kichwa chini. Msimamizi alisema kobe mmoja ni jambo la kila mwaka. Alisema polepole, kama mtu anayejaribu ardhi kwa mguu. Kisha alikaa, akavua miwani, akakiri kwamba mafunzo ya wageni aliyatoa yeye, saa moja tu, hapo hapo mezani, na kwamba kila mwaka aliyekuwa akiwaonyesha watu namna ya kumpakata kobe ni Mkunga. Mwaka huu hakumwita.

Mpelelezi alimpigia mkuu wa kituo. Mazungumzo hayakuzidi dakika mbili. Alipokata simu, Konstebo alikaa kwenye ngazi akavua kofia, akapumua kama mtu aliyetua gunia.

Mkunga alikuwa amerudishwa chumba cha mizani. Mpelelezi aliingia peke yake, akafunga mlango, akamweleza yote kwa mpangilio, tangu fomu ya Jumanne mpaka jike la baka la moto. Mkunga alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Mpelelezi alipofika kwenye kugeuzwa kwa kobe, Mkunga alifumba macho.

"Niliwaona walivyokaa," alisema. "Nilidhani wanacheza naye tu."

"Aproni zilitoka wapi, mama? Nauliza, siandiki."

Mkunga alimwangalia, akimpima. Kisha akasema zilitoka wodini. Kulikuwa na mzigo wa aproni zilizopitwa na wakati, zilizoamriwa kuchomwa moto, na muuguzi mmoja ambaye yeye Mkunga aliwahi kumfundisha kazi, mwenye watoto wanne na mume mgonjwa, alimpa sita badala ya kuzitia motoni. Amri ni amri. Angejulikana, angesimamishwa kazi. "Sasa nikufungulie mimi mdomo ili yeye afungiwe mlango?"

Mpelelezi alichukua maelezo yake, na mahali palipoandikwa katoni aliandika: vifaa vya kazi ya hesabu, vimethibitishwa na mashahidi watatu. Alimpa asome. Mkunga aliyasoma yote, kurasa nne, kidole kikifuata mstari, na hakutia saini. Juu ya kila ukurasa liliandikwa neno mtuhumiwa. Alitaka liondolewe. Mpelelezi alilikata kwenye ukurasa wa kwanza akaandika shahidi. Mkunga alifunua ukurasa wa pili akamsogezea. Walifanya hivyo mpaka wa nne, ndipo akasaini.

Nje, Msimamizi alikuwa akimsubiri. Mpima naye alikuja, suruali imelowa hadi magotini, mkewe na shemeji yake nyuma. Kila mmoja aliomba radhi kwa namna yake. Mpima aliomba kwa kirefu na kwa namba. Shemeji alimshika mikono yote miwili, akacheka tena, na safari hii Mkunga alicheka naye. Msimamizi alisema upande wa chini ni wake kuanzia sasa, na kwamba hesabu itarudiwa, na kwamba yeye mwenyewe, mbele za wote, alikosea. Mkunga alisema amesikia. Hakusema zaidi ya hapo, wala Msimamizi hakumdai zaidi.

Konstebo alifungua mlango wa gari la polisi. "Karibu mama, nikurudishe nyumbani. Leo kwa heshima."

Mkunga alilitazama lile gari, rangi yake na taa zake juu, akatikisa kichwa.

"Hapana, baba. Asubuhi wamenitazama nikipanda hilo. Nikirudi nalo watasema nimekuja kuchukua godoro la kulalia rumande."

"Basi nitakuita teksi."

"Teksi ni ya mtu yeyote." Alimgeukia Msimamizi. "Wewe utanipeleka. Kwa gari la shirika, lile lenye picha ya kobe mlangoni. Nakaa mbele."

Msimamizi alikwenda kuleta gari mwenyewe. Aliondoa makaratasi kwenye kiti cha mbele, akafuta vumbi kwa kiganja, akamshikia mlango. Mkunga alipanda, akajinyoosha nguo, akateremsha kioo mpaka mwisho na kuweka kiwiko dirishani. Ilikuwa saa sita na dakika chache, saa ambayo mtaa mzima uko nje.

"Kuna njia ya mkato nyuma ya shule," Msimamizi alisema, akiwasha gari. "Dakika kumi tutakuwa tumefika."

"Mkato wa nini?" Mkunga alisema. "Pitia sokoni. Na usikimbize."